Flati ya gorofa 14 inajengwa kando yetu na kwa ramani hakuna pahali pa taka. Kwa kikao niseme nini?

MkaaziWaJogooRoad

Watu wangu hamjambo. Nitaandika kirefu mnivumilie juu nahitaji msaada wa haraka. Mimi ni katibu wa chama cha wakaazi huku Eastlands, si mbali na Jogoo Road, mtaa wa nyumba za zamani zile za chini ziko na uwanja nyuma. Sai ploti mbili kando yangu zimenunuliwa zikaunganishwa na bango limepandwa, flati ya gorofa 14, gorofa ya chini ni maduka na kliniki iko na maabara, juu ni nyumba 8 kila gorofa. Tumeitwa kikao cha maoni ya wananchi Jumamosi saa nne. Jana usiku mimi na kijana wangu tumekaa na ile ramani hadi saa sita, tumeona paking, lifti, tenki, jenereta, ata kibanda cha askari kimechorwa na mlango wake. Pahali pa taka hatukuona. Nikauliza yule jamaa alikuja kupanda bango, akasema kutakuwa na kontrakta wa kuchukua kila Jumatano.

Sasa hayo maneno tumeshayasikia. Flati ya kwanza hapa mtaani ilijengwa miaka sita iliyopita na tuliambiwa hivyo hivyo. Wapangaji wanaweka taka kwa ngazi, ikijaa keateka anaishusha usiku anaimwaga nje ya geti penye mtaro unapita, mvua ikinyesha mtaro unaziba maji yanaingia kwa mama wa viazi. Na wiki iliyopita nilipata mtoto wa jirani, ana miaka 4, amechutama hapo kwa mtaro na sirinji mkononi, anavuta maji machafu anarushia wenzake wanacheka. Ilikuwa na sindano. Nilimshika mkono nikafungua vidole kimoja kimoja polepole nisimdunge, na mpaka leo nikifumba macho naona hivyo vidole. Hatujui kama alikuwa ameshajidunga. Mamake alimkimbiza hospitali siku hiyo hiyo.

Sipingi jengo, watu wanahitaji nyumba na mimi watoto wangu pia watahitaji. Nataka tu kujua nikisimama Jumamosi niulize nini kenye hawawezi kukiruka.

PlanaWaMtaa

Pole sana katibu, na mamake mtoto mpe pole. Mimi kazi yangu ni upangaji miji, si upande wa kaunti. Anza na hesabu juu hesabu haina mdomo wa kubishana nayo. Gorofa 13 za kuishi mara nyumba 8 ni nyumba 104. Sensa ya 2019 ilipata Nairobi wastani ni kama watu 3 kwa nyumba, hao ni watu 312. Mkaazi wa Nairobi hutoa karibu nusu kilo ya taka kwa siku, kwa hivyo hapo ni kilo 156 kila siku inayoamka, karibu kilo 1,100 kwa wiki, na bado hujaweka maduka wala kliniki. Taka ya nyumbani imejaa hewa, hizo kilo zitajaza kama mita nne za ujazo. Chora kwa sakafu pale kikaoni mraba wa mita mbili kwa mbili, waambie taka imejaa hapo hadi kiunoni, halafu waulize itakaa wapi toka Jumatano hadi Jumatano.

Ukimaliza hapo ingia kwa sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka itenganishwe pale pale inapotoka, ya kuoza kando na isiyooza kando, kwa vyombo vya rangi tofauti viko na maandishi. Sasa jengo halina ata pembe ya pipa moja litatenganisha wapi? Hilo ni swali la ramani kabla halijakuwa swali la tabia ya wapangaji, na ndio maana mimi hukasirika nikisikia watu wa flati wakiitwa wachafu. Mtu wa gorofa ya 11 amepewa nyumba jikoni ni hatua mbili, nje ya mlango ni ngazi, alitarajiwa aweke wapi?

Halafu omba ripoti ya athari kwa mazingira, ile NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, hutaka chini ya EMCA, sheria ya mazingira ya 1999. Ni haki yenu kuisoma na kuandika maoni, siku za maoni huwa zimetajwa kwa tangazo, zihesabu. Leseni ikitolewa na hamjaridhika mko na siku 60 za kwenda kwa lile baraza la rufaa la mazingira. Na kuna kitu watu husahau kabisa: zile nyumba mbili za kubomolewa, paa ni la nini? Kama ni yale mapaa magumu ya kijivu ya mawimbi yanafanana na simiti, uliza kama yamepimwa asbestosi KABLA nyundo ya kwanza. Vumbi yake ukiivuta inakaa kwa mapafu na ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka ishirini, thelathini. Hiyo asbestosi inatolewa ikiwa nzima, imeloweshwa maji, inafungwa kwa plastiki, na inabebwa na mtu ako na leseni ya hiyo kazi. Sio vijana wa mjengo na suruali fupi.

mzoataka_umoja

mimi ni mzoa taka mwaka wa 11 huu naongea kenye naona. katibu usisahau geti. flati nyingi mpya lori haliingii, geti ni la gari ndogo na juu kuna slabu, sasa sisi tunasimamisha lori barabarani tunabeba magunia mgongoni mita hamsini sitini huku matatu zinapiga honi na ile maji ya taka inakutiririka hadi kwa gumbuti, na mtu akichoka ndio unaona gunia moja linaachwa kwa kona na kesho yake hio kona imekuwa jaa. hivyo ndio majaa ya mtaani huanza, sio uchawi

ya pili wakikuambia wataweka ile bomba ya kutupa taka toka juu kataa, ama uulize nani ataiosha. inaziba na diapers gorofa ya nne hapo, panya wanaingia, na kila kitu kinafika chini kimechanganyika. ikishachanganyika na ugali na mboga ile plastiki na katoni haina bei tena, ile ingekuwa pesa yangu na ya keateka inakuwa uzito wa kupeleka kwa jaa kubwa la Dandora

na ya sindano. mimi nimedungwa mara tatu. mara ya mwisho ni juala jeusi tu la kawaida, nimelitupa begani hivi, nikasikia kitu kama siafu hapa chini ya shingo. glavu inasaidia nini kwa bega. nilimeza dawa siku 28 na kila siku namwangalia mke wangu nashindwa kuongea. kwa hivyo hio kliniki wasikuambie taka yao itaenda na ya nyumba, hapana, kabisa

NesiWaZamu

Mzoa taka nimesoma yako mara mbili, ulifanya vizuri kumaliza dawa. Wengine wasome pia: mtu akidungwa na sindano isiyojulikana aoshe na maji na sabuni, asikamue, aende hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia HIV inafaa ianzwe ndani ya saa 72 na mapema ndio bora, na aulize pia kuhusu hepataitisi B. Huyo mtoto katibu, hakikisha mamake anarudi kwa vipimo vya baadaye ata kama vya kwanza vilikuwa sawa.

Kuhusu kliniki, utaratibu upo. Vitu vyenye ncha vinaingia kwa ile boksi ngumu ya sindano na haijazwi zaidi ya robo tatu, taka iliyoguswa na damu inaingia mfuko wa njano, ya hatari zaidi mwekundu, ya kawaida mweusi. Kazi ni kwamba kliniki ndogo nyingi hazina tanuri la kuchomea, kwa hivyo lazima wawe na mkataba na kituo kilicho nalo, na gari lenye leseni la kubeba. Kwa kikao omba vitu viwili tu, mkataba huo uonekane, na kwa ramani kuwe na chumba chake chenye kufuli na sakafu inayooshwa, mbali na mlango watoto wanapitia. Mwenye jengo asikubali kupangisha kliniki kama hicho chumba hakipo.

Lakini sindano ya kwa mtaro inaweza pia kuwa ilitoka kwa nyumba. Tuko na wagonjwa wa kisukari wengi wanajidunga insulini nyumbani kila siku na hakuna aliyewaambia sindano iende wapi. Mimi huwaambia watafute chupa ngumu ya plastiki, ya jiki ama ya sabuni ya maji, sindano inaingia bila kurudishiwa kifuniko, chupa ikifika robo tatu funga na urudishe kliniki. Na bado kuna betri, rangi iliyobaki, dawa ya mende, zile taa za tyubu ziko na zebaki. Watu wakisikia taka ya sumu wanafikiria Industrial Area, kumbe iko chini ya sinki.

LandilodiWaKasarani

Nitasema kenye wengi hawatapenda lakini nasema kwa heshima. Nimejenga flati mbili. Chumba cha taka cha maana kinakula nafasi ya paking mbili ama duka moja, na benki haingoji. Hiyo gharama inaishia kwa kodi ya mpangaji. Na mwaka juzi nilijaribu, niliweka mapipa mawili, kijani ya kuoza na buluu ya vikavu, nikaita wapangaji nikawaelezea mwenyewe, wakashika vizuri tu. Siku ya lori zote mbili zikamwagwa pamoja mbele ya macho yao. Mwezi uliofuata hakuna mtu alitenganisha na sikuwalaumu. Sasa kabla mnibebeshe mimi mzigo wote, kaunti iko wapi? Si katiba ya 2010 iliwapa kazi ya taka?

PlanaWaMtaa

Mwenye nyumba uko sahihi kwa hiyo, tena sheria hiyo hiyo ya 2022 inataka kaunti zijenge vituo vya kuchambua taka. Lakini paking mbili leo ni bei ndogo, ukijenga bila hicho chumba huwezi kukipata tena, slabu ikishamwagwa imekwisha. Lori linaweza kubadilishwa mwaka ujao. Na kwa mkataba wako na kontrakta andika siku ya taka ya kuoza na siku ya vikavu ziwe tofauti, akija Jumatano ni ya kuoza tu. Zaidi ya nusu ya taka ya huu mji ni ya kuoza na kuna wafugaji wa nguruwe na wa wale funza wa chakula cha kuku wanaitafuta ikiwa safi.

Na tukumbuke kuna pahali hii yote inaishia. Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975, na miaka hiyo hiyo ndio mradi wa nyumba wa Dandora ulianzishwa, ploti 6,000 zenye maji na choo kwa watu wa kipato cha chini. Yaani nyumba na jaa zilipangwa kama majirani. Jaa lilisemekana limejaa 2001. Ruai ikapendekezwa, watu wa ndege wakapinga juu ndege wa angani hufuata jaa na uwanja wa JKIA uko hapo karibu. Mpaka leo malori yanapanda mlima ule ule. Addis Ababa mlima wao wa Koshe uliporomoka Machi 2017 ukaua watu zaidi ya 100, na Kampala pale Kiteezi ikawa Agosti 2024, watu zaidi ya 30 walikufa.

MamaPhaseFour

Naishi hapa Dandora, mlima naouona nikianika nguo. Mwaka wa 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti, watoto 328 wa karibu na jaa walipimwa, nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwa damu kufikia ama kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Mimi wakati huo nilikuwa na mtoto wa darasa la pili. Moshi ukianza saa kumi jioni unafunga dirisha na joto lote, unaweka kitambaa chenye maji chini ya mlango, na bado asubuhi mto wa kulala uko na harufu.

Sasa nikisoma hapa betri, tyubu, sindano, najua zinakuja wapi. Zinakuja kwangu. Katibu, ukisimama hiyo Jumamosi sema pia kwa niaba yetu. Kila kilo mkitenganisha huko Jogoo Road ni kilo haichomwi hapa.

MkaaziWaJogooRoad

Mama nitasema, nakuahidi na jina la mtaa wako nitalitaja. Asanteni wote, nimenakili kila kitu kwa daftari. Kijana wangu amekata kamba ya mita mbili mbili tayari. Paa la nyumba ya kwanza nimeliangalia leo asubuhi nikiwa juu ya ngazi ya jirani, ni lile la kijivu la mawimbi kama plana amesema, na limeshapasuka kona moja, nimelipiga picha. Nesi, mtoto anarudi hospitali Jumatatu, nitaenda nao.

Mzoa taka, swali moja tu limebaki, geti liwe upana gani?

mzoataka_umoja

lori lenyewe ni mita mbili na nusu hivi, na vioo weka tatu, kwa hivyo wewe omba nne ndio mtu apite kando akiwa amebeba. juu pia nne. na uwaambie mahali pa kugeuza pawe ndani, lori lisirudi nyuma hadi barabarani penye watoto wako. Jumamosi niko na zamu ya asubuhi lakini saa nne nitakuwa nimefika Jogoo Road, nitakuja na lori nilisimamishe pale nje wapime wenyewe