Mrejesho: filta ya opampu inayotoa −90 mV bila ishara

Wakuu, asanteni kwa majibu. Niliuliza kwa nini filta yangu inatoa −90 mV wakati hakuna ishara inayoingia. Filta ni ile ya Sallen-Key (muundo wa opampu moja, rezista mbili na kapasita mbili) inayopitisha masafa yaliyo chini ya 10 Hz: opampu NE5532, rezista mbili za 220 kΩ, kapasita za 100 nF na 47 nF, geini (ukuzaji) 1. Kapasita hazivuji. Pini 3 (ingizo la opampu) ikigusishwa graundi moja kwa moja, −90 mV inatoweka, inabaki chini ya 1 mV. Kwa hiyo mkosaji ni mkondo unaoingia kwenye pini hiyo kupitia rezista zote mbili: takriban 200 nA × 440 kΩ = 88 mV.

Nimeweka TL072, opampu ambayo ingizo lake huvuta mkondo mdogo mno; inakaa kwenye soketi ileile. Sasa imebaki 2 mV. Njia nyingine, kushusha rezista hadi 22 kΩ, ingedai kapasita za 1 µF na 470 nF, za filamu tu. Za elektroliti huvuja. Trimpoti (rezista ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi) ingeficha kosa, joto lingelirudisha.