Tumelipa shilingi 500 kuona fainali ya 1987, tukaonyeshwa dakika sita na uongo juu yake

Wadau wa Kisumu, nimekaa na jambo hili siku tatu nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Mabango mliyaona. Yalibandikwa Kondele, yakabandikwa stendi, hata ukutani kwa kinyozi wangu Nyalenda: Gor Mahia na Esperance, fainali ya Kombe la Washindi Afrika 1987, mechi nzima, skrini kubwa, kiingilio shilingi 500. Mechi nzima. Hayo ndiyo maneno waliyoandika, nimepiga picha ya bango na ninayo.

Nilimpigia simu baba mdogo wangu kule Ahero. Mzee huyu alikuwa uwanjani Kasarani, Nairobi, tarehe 5 Desemba 1987, siku ya fainali hiyo. Na kabla ya hapo, mwaka wa 1979, alisafiri hadi Nairobi kuona K'Ogalo, yaani Gor Mahia yetu, ikicheza fainali ya kombe hilohilo na Canon Yaoundé, akarudi nyumbani na kichapo cha 2-0. Marudiano huko Cameroon tukapigwa 6-0. Mabao manane bila jibu. Miaka minane mzee alibeba aibu hiyo, kila bao na mwaka wake, ndipo ikaja Kasarani. Sasa miguu imevimba, anatembea kwa mkongojo, lakini aliposikia mechi nzima itaonyeshwa alipanda matatu siku hiyohiyo. Nikamchukua na mwanangu. Watu watatu, shilingi 1,500.

Bango lilisema saa moja jioni. Walianza saa tatu kasoro robo. Hilo nawasamehe.

Tulichoonyeshwa ni klipu za dakika sita. Nilitazama saa. Picha zimekatwakatwa, bao linaingia hujui limetoka wapi, halafu zinarudiwa zilezile. Baadaye wakaleta walichokiita kipindi cha pili, na wachezaji wamevaa viatu vya rangi ya waridi na manjano! Mwaka wa 1987! Mwanangu ana miaka kumi na mitatu na ndiye aliyeniuliza, "Baba, hii si mechi ya juzijuzi?" Watoto wanaona, watu wazima wenye maikrofoni hawaoni. Kisha wakafungulia mpira wa Uingereza na bia zikaanza kuzunguka.

Lakini pesa si kitu kilichoniuma zaidi. Kilichoniuma ni mfawidhi. Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa vijana akatangaza kwamba Gor ilichukua kombe kwa penalti, uwanja wa Nyayo, na nahodha alikuwa Peter Dawo. Sentensi moja, makosa matatu. Baba mdogo akainua mkono, akasema taratibu, "Kijana wangu, penalti hazikupigwa siku ile." Akajibiwa, "Mzee, tulia unywe soda, haya tumeyafanyia utafiti." Watu wakacheka. Mzee akateremsha mkono na hakusema neno tena mpaka tulipofika nyumbani.

Sasa namwambia huyo kijana hapa hapa, mbele ya watu. Mechi ya kwanza ilichezwa Tunis, ikaisha 2-2. Marudiano yalikuwa Kasarani, uwanja mpya uliokuwa umefunguliwa mwaka uleule kwa ajili ya Michezo ya Afrika, yakaisha 1-1. Jumla 3-3. Jumla ilipolingana, mabao ya ugenini ndiyo yaliyoamua, na kombe likabaki kwetu kwa sababu Gor ilikuwa na mabao mawili ya ugenini na Esperance ilikuwa na moja. Nahodha alikuwa Austin Oduor, na yeye ndiye aliyelinyanyua. Dawo alikuwa mfungaji bora wa mashindano, mabao kumi. Langoni David Ochieng, kocha Jack Johnson.

Kwa nini nashikilia hili la penalti? Kwa sababu ukisema penalti umeifuta Tunis. Kombe lile lilichumwa Tunis, ugenini, mbele ya mashabiki wa watu, dhidi ya timu ambayo mwaka wa 1994 ilikuja kuwa bingwa wa mabingwa wa Afrika. Kufunga mawili kwao ndiyo kazi iliyofanywa. Ukiwaambia vijana ilikuwa penalti, wataona ni bahati tu, mtu kapiga na kipa karuka upande mwingine.

Na umewanyima zile dakika za mwisho. Baba mdogo huzieleza hivi: matokeo ni 1-1, kombe ni letu, lakini bao moja tu la Esperance na limeondoka. Hakuna aliyeketi. Watu wanapiga miluzi ili mwamuzi amalize. Jirani yake, mtu asiyemjua, alimshika mkono akaubana mpaka ukafa ganzi, na kipenga kilipolia hawakuachana, walilia pamoja kama wamefiwa. Mimi nilikuwa darasa la tano hapa Nyalenda. Betri za redio tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, redio ikawekwa dirishani na nusu ya ploti ikasimama nje. Kipenga kilipolia, mama yangu, ambaye hakuwahi kuzungumzia mpira maishani mwake, alitoka jikoni na mwiko mkononi akapiga vigelegele.

Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara, si kabla, si baada. Kitu tulicho nacho kimoja, nacho tunakisimulia vibaya kwa kiingilio.

Nilipodai pesa zangu, dada wa mlangoni alisema hela ikishaingia hairudi. Sina ugomvi naye, ameajiriwa. Nambari ya mwandalizi iliyo kwenye bango imezimwa tangu siku ile.

Ninachotaka ni haya. Kila aliyelipa arudishiwe pesa yake yote. Mfawidhi amwombe mzee radhi, si kwa ujumbe wa simu. Aje Ahero, aketi, amsikilize mpaka amalize. Na wale vijana waliokuwa ukumbini waambiwe matokeo sahihi na mtu yuleyule aliyewadanganya.

Kama ulikuwepo, usifute ujumbe wa malipo. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa nje ya ukumbi ule na picha ya bango. Baba mdogo amesema anakuja pia, nimemkataza kwa sababu ya miguu, amekataa kukatazwa.