Nimeanza kukagua nyumba za wanunuzi, dalali anataka "nilainishe" ripoti. Wazoefu mnafanyaje?

Bisibisi_Moja ameandika:

Habari wakuu. Mimi ni fundi ujenzi, nimejenga na kupiga lipu miaka mingi. Siku hizi watu wanaonunua nyumba zilizokwisha kukaliwa wananiita niwaangalizie kabla hawajalipa. Kuona kasoro hakunisumbui, nyingi nazijua zinavyozaliwa. Yanayonisumbua ni haya.

Kwanza utaratibu. Mwenye nyumba ananitembeza anavyotaka yeye, najikuta naruka kutoka jikoni kwenda paani, kisha narudi bafuni. Pili vifaa, nianze na vipi? Nimeona watu wana kamera za joto, sijui kama ni lazima. Tatu, na hili ndilo limenileta: dalali anayenipa wateja amesoma ripoti yangu akasema neno "unyevu" linafukuza wanunuzi, niandike "alama ndogo ya zamani". Mnunuzi naye akaniuliza mbele ya watu, "Ungekuwa mimi, ungenunua?" Nyie huwa mnajibu nini?

MamaPimamaji amejibu:

Karibu kwenye kazi, kaka. Naanza na dalali, kwa sababu yeye atakutoa kwenye kazi hii kabla ngazi haijakutoa.

Anayekulipa ni nani? Mnunuzi. Basi ripoti ni mali ya mnunuzi, na dalali akitaka kuisoma amwombe mwenyewe. Usimtumie wewe, hata kama ndiye aliyekupigia simu. Dalali analipwa nyumba ikiuzwa, wewe unalipwa hata isipouzwa. Mkishika kalamu moja, siku dari likishuka atakayetafutwa ni yule ambaye jina lake liko chini ya karatasi.

Ila nimtetee kidogo. "Kuna unyevu ukutani" ni sentensi mbovu kweli. Haisemi wapi, kiasi gani, wala afanye nini, kwa hiyo mnunuzi anajijazia mwenyewe na anajaza balaa. Mimi ningeandika hivi: "Chumba cha nyuma, ukuta unaopakana na bafu, kuanzia sakafuni hadi kimo cha goti: rangi imebanduka na kuna unga mweupe wa chumvi. Kipima unyevu kimepanda kuliko kwenye kuta nyingine za chumba hicho. Bomba la bafu linapita upande wa pili. Fundi bomba alipime kabla ya malipo." Hapo hakuna kinachotisha na hakuna kilicholainishwa. Dalali mwenye akili ataipenda, maana mnunuzi sasa ana kazi ya kumpa fundi badala ya hofu ya kulala nayo.

"Alama ndogo ya zamani" ndiyo usiandike kamwe. Zamani ya lini? Doa halina tarehe. Chukua doa la dari. Unakuta kahawia, pete ndani ya pete kama shina la mti lililokatwa, kila pete ni mara moja palilowa na kukauka. Unaweka kipimo, kinasema pakavu. Mwenye nyumba anakwambia, "Tulishaziba hilo." Pakavu inaweza kumaanisha tu kwamba mvua haijanyesha karibuni. Panda darini, tafuta sehemu iliyo juu ya doa, mulika mbao kwa tochi ya ubavuni, usimulike moja kwa moja. Utaona msumari wenye weusi umeuzunguka, au mchirizi ulioshuka kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kutoka mahali pa mbali kabisa na doa, maana maji hufuata mbao kabla ya kudondoka. Ukiona bati jipya au gundi mpya ya kuzibia, sema umeiona. Usipoona, andika: "Pakavu siku ya ukaguzi. Chanzo hakikuonekana. Hakuna dalili ya matengenezo juu yake." Mnunuzi akimwonyesha mwenye nyumba, naye akiwa na ushahidi kwamba aliziba aulete.

Utaratibu sasa. Mwambie mwenye nyumba kwa heshima kwamba utatembea peke yako, mwisho atakuonyesha anachotaka. Zunguka nje mara mbili, mara moja ukitazama chini, mara moja juu. Chini unataka kujua maji ya mvua yanaelekea wapi. Kipimo kinachotumika sana ni ardhi kushuka kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Ukikuta bustani imejazwa udongo hadi ukafunika msingi wote na kugusa lipu, ule unga mweupe wa ndani umeshapata mahali pa kuanzia kuuchunguza. Hapo hapo tafuta vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda msingi, na fremu yoyote iliyo karibu igonge kwa mpini wa bisibisi. Mbao iliyoliwa ndani inasikika tupu.

Juu usikazie macho katikati ya bati. Paa huvuja zaidi kwenye maungio: pale linapokutana na ukuta, kwenye bonde la paa mbili, kwenye kofia ya kilele cha paa, kila bomba linapotoboa, na kwenye misumari ambayo mpira wake umepasuka.

Ukiingia ndani anza na maji, kwa sababu maji yanahitaji muda. Funga koki zote, nenda kwenye mita. Ikisogea wakati hakuna aliyefungua, kuna mahali yanaenda. Kisha jaza kila sinki mpaka kwenye tundu la juu la kumwagia, zibua, na uwe umeshaingiza kichwa na tochi chini ya sinki. Maji ya kuchuruzika hayafichui kiungo kibovu, ni yale ya kushuka kwa kishindo. Bafu ikiwa ghorofani, fungulia maji yake yote yashuke halafu shuka ukae chini ya dari yake dakika kadhaa. Mimi nilikuwa fundi bomba, labda ndiyo maana nakaa hapa kuliko wengine, lakini sioni kinachoharibu nyumba zaidi ya maji.

Vyumba vingine ni vyepesi: mkono wa kulia ukutani tangu mlangoni mpaka urudi mlangoni. Kila dirisha lifunguke, kila mlango ufungwe. Ukifuata ukuta huruki kitu.

Vifaa: tochi nzuri, ya pili ya akiba, bisibisi, pimamaji, kipima unyevu, testa ya soketi, darubini ndogo, ngazi. Kamera ya joto iache kwanza. Inaonyesha joto tu. Sehemu ya baridi inaweza kuwa maji, inaweza kuwa upepo unaopenya, na bado utahitaji kipima unyevu kuthibitisha. Na hicho kipima unyevu kwenye ukuta usikiamini kama namba, chumvi na chuma kilicho ndani ya lipu vinakidanganya. Kwenye mbao angalau namba ina maana, ikipita asilimia 20 anza kufikiria kuoza. Ukutani linganisha tu sehemu na sehemu.

Ngazi: kila mita 4 za kwenda juu, mguu uwe mita 1 kutoka ukutani, na kichwa kizidi ukingo wa paa kwa karibu mita moja. Paa lililolowa au la vigae vinavyovunjika usipande. Tazama kwa darubini na uandike kwamba ulitazama kwa darubini.

Hapo tunafika kwenye sehemu ya ripoti ambayo wageni wengi wanairuka: usivyoviona. Kabati lililojaa hadi juu, mlango wa dari uliopigwa misumari, gari lililoegeshwa juu ya mfuniko wa chemba, umeme uliokatwa. Piga picha ya kabati lililojaa, iweke, sema ukuta wa nyuma yake haukukaguliwa. Mnunuzi ataomba kabati litolewe. Akiacha kuomba, hilo limekuwa lake.

"Ungenunua?" Mimi huwa namjibu: "Sijui una akiba gani na una haraka gani. Nakuambia nyumba hii inadai nini: paa la nyuma sasa, umeme wa jikoni sasa, rangi ukitaka." Wengi wakisikia hivyo wanajijibu wenyewe palepale.

La mwisho, wewe ni fundi, hili litakuuma: usitengeneze nyumba uliyoikagua. Chama cha wakaguzi cha Marekani, ASHI, kilichoundwa 1976, kinawakataza wanachama wake kulipwa kutengeneza walichokikagua kwa mwaka mzima baada ya ukaguzi. Hata mahali pasipo na chama, mnunuzi akiona kasoro uliyoandika jana leo unaiwekea bei, haamini tena hata zile za kweli.

Laivu_na_Nyutro amejibu:

Mama kamaliza, mimi naongeza umeme tu.

Testa ya soketi yenye taa tatu ni nzuri ila ina uongo wake. Kuna watu wakikosa waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, wanachukua kipande kifupi, wanaunganisha nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi ndani ya soketi yenyewe. Testa inawasha taa za "sawa kabisa". Nyutro ikija kukatika nyuma, umbo la chuma la friji linabeba umeme. Kwa hiyo nyumba ya zamani yenye soketi mpya zinazong'aa, na ubao wa umeme wa zamani, usiandike "ethi ipo". Andika testa ilionyesha nini, na fundi umeme afungue soketi chache.

Pia kibonye chenye herufi T kwenye kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30: kibonyeze. Kisipokata, hiyo ni ukurasa wa kwanza. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, asije akawa anatuma kazi kwenye kompyuta.

Sikubaliani na wakaguzi wanaofungua mfuniko wa ubao wa umeme bila kuwa mafundi umeme. Kwa nje unaweza kunusa kuungua, kuona plastiki iliyobadilika rangi, kusikia mlio. Yatosha kumwita mwenzako. Mimi nikifungua ninachotafuta kwanza ni waya wa milimita mraba 1.5 uliofungwa kwenye breka ya ampea 32. Hapo waya utaungua breka ikiwa imetulia tu.

Bisibisi_Moja ameandika:

Nashukuru sana, mama, na wewe mkuu. Swali la nyongeza: nyufa. Mnunuzi akiona ufa wowote anadhani nyumba inaanguka, na mimi kama mpiga lipu najua nyingi ni lipu kukauka tu. Mnazitenganishaje kwenye maandishi?

MamaPimamaji amejibu:

Angalia umbo kabla ya upana. Vile vinyuzi vilivyosambaa kama utando ni lipu, sema ni lipu. Ufa unaotoka kwenye kona ya mlango au dirisha ukipanda kwa mshazari, mwembamba chini na mpana juu au kinyume chake, huo unasema upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Unaopanda ngazi-ngazi kwenye maungio ya matofali ni ndugu yake. Wa kulala, kwenye ukuta unaozuia udongo, unanitisha kuliko yote, maana udongo unausukuma ukuta ndani.

Upana: jedwali linalotumika sana Uingereza linahesabu nyufa hadi milimita 5 kuwa za muonekano zaidi kuliko za uimara, lakini ufa wa milimita 3 unaopita nje na ndani mahali pamoja, na mlango wa karibu haufungi, mimi nauandikia mhandisi. Tazama pia kama umewahi kuzibwa ukafunguka tena. Rangi ya ndani ya ufa inasema mengi: ukiwa na rangi ya ukuta ndani, ulikuwepo kabla ya kupakwa.

Mnunuzi_Tayari amejibu:

Mimi si mkaguzi, nimenunua nyumba karibuni. Ombi langu kwenu: ya hatari yawekeni mbele. Ripoti niliyopewa ilikuwa na picha za kila kifuniko cha swichi kilichopasuka, na hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi ilikuwa katikati huko, herufi zilezile. Niliiona kwa bahati.

MamaPimamaji amejibu:

Hita ya namna gani, na iko bafuni? Kama iko bafuni na haina bomba la kutolea moshi, usiiwashe tena leo. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na bafu ni chumba kidogo chenye mlango uliofungwa. Ita fundi wa gesi.

Bisibisi, umemsikia. Mambo yanayoweza kuua au kumaliza akiba ya mtu yanakaa ukurasa wa kwanza, hata yakiwa mawili tu. Vifuniko vya swichi vipe mstari mmoja: "vifuniko kadhaa vimepasuka, vibadilishwe."

Mnunuzi_Tayari amejibu:

Iko bafuni. Nimeifunga koki sasa hivi.