Mjadala: Bingwa wa Porsche Supercup aruhusiwe kurudi kutetea taji?

Mleta mada

Wakuu, msimu wa 2024 wa Porsche Supercup, mashindano ambayo wote wanaendesha Porsche za aina moja, bado unaniwasha. Mbio 8, kuanzia Imola hadi Monza, zote zikitangulia mbio za Formula 1, na mwishowe taji likarudi kwa Larry ten Voorde wa Uholanzi. Ni la tatu hilo, baada ya 2020 na 2021. Kabla yake Michael Ammermüller alibeba 2017, 2018 na 2019. René Rast naye alichukua yote tangu 2010 hadi 2012, na Patrick Huisman aliketi juu miaka minne mfululizo, 1997 hadi 2000.

Kule Formula 2, ngazi iliyo chini ya Formula 1, bingwa haruhusiwi kurudi. Nataka Supercup ifanye hivyohivyo. Msimu huo wote waliendesha 911 GT3 Cup ileile, nguvu za farasi 510, tairi za Michelin zilezile, kwa hiyo tofauti ilibaki kwa dereva, na hapo uzoefu ndio unaowamaliza vijana. Injini ya 911 imekaa nyuma, pua nyepesi. Ukiachia breki mapema mno unapoingia kona, tairi za mbele zinakosa uzito na gari linagoma kukata. Na gari hilo halikuwa na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Mguu wa kuyajua hayo haupatikani kwa mbio 8 za kama nusu saa kila moja, tena mbele ya mtu aliyekula chumvi nyingi humo ndani.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nakupinga kabisa. Mbona umeiruka 2022 na 2023? Ten Voorde alikuwemo miaka yote miwili, na taji likaenda kwa Dylan Pereira wa Luxembourg, kisha kwa Bastian Buus wa Denmark akiwa na miaka 20 tu. Sasa mwondoe ten Voorde mwaka ule, halafu uniambie Buus angekuwa amemshinda nani. Kijana anahitaji mkongwe wa kujipima naye, na gari likiwa moja hakuna kisingizio kwa yeyote.

Tena Formula 2 ina ngazi moja tu juu yake. Supercup watu wanatoka kwenda kila upande. Earl Bamber alibeba taji 2014, na 2015 akashinda Saa 24 za Le Mans, zile mbio ndefu za Ufaransa. Hakufukuzwa na kanuni yoyote, aliitwa.

Mchangiaji wa tatu

Niko na mleta mada. Monaco barabara ni nyembamba, humpiti mtu kirahisi. Aliyefuzu kuanza mbele kashamaliza kazi. Na mkongwe ndiye anayefuzu mbele.

Mchangiaji wa nne

Ndugu zangu, mnagombania viti huku mlango wenyewe umefungwa kwa pesa. Gari hili lilipotolewa 2021 bei yake ilikuwa euro 225,000 kabla ya kodi. Hapo bado tairi, mafundi, usafiri, na bodi ukiigonga ukutani. Nilipokuwa kijana nilikimbiza gokati kwenye klabu ambayo vigari vyote vilikuwa sawa, na kila Jumapili alishinda yule ambaye baba yake alilipia siku ya ziada ya mazoezi. Niliumia sana, kwa sababu kila mtu aliniambia vifaa ni vilevile. Mwacheni ten Voorde aendeshe. Wageni wapewe siku za majaribio zaidi, bure, kabla ya msimu kuanza.

Mleta mada

Mchangiaji wa pili, hoja ya Buus nimeipokea. Lakini kumbuka alikuwa dereva kijana wa Porsche wenyewe, alilelewa na kiwanda. Mimi namtetea yule asiye na kiwanda nyuma yake. Kwa hiyo nalegeza: mtu atetee taji mara moja, akishabeba mara mbili aondoke. Na hili la siku za majaribio nalichukua kama lilivyo, ingawa nauliza: bili ailipe nani, kiwanda au timu?