Redox OS: ni Linux nyingine tu au?

mchimba_kodi: Wakuu habari za muda, nimekuwa nasomasoma kuhusu Redox OS, ule mfumo endeshi ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Rust, wa bure na chanzo kiko wazi, na wanasema ni maikrokerneli, yaani kerneli (kiini cha mfumo) ni ndogo na kazi nyingi zinafanywa na programu za nje yake. Hivi hii si Linux iliyoandikwa upya kwa lugha nyingine? Na mawazo yake wameyatoa wapi, maana kila nikifungua nakutana na mifumo mingine kama Minix, Plan 9, seL4, kichwa kinauma.

draiva_mkongwe: Hapana mkuu, kerneli yake haina undugu na ya Linux. Jeremy Soller aliianza 2015, leseni ni MIT. Tofauti kubwa iko kwenye draiva, zile programu zinazoendesha vifaa. Linux draiva nyingi zinaishi ndani ya kerneli kwahiyo ya kadi ya mtandao ikizingua inaweza kuangusha mashine nzima. Redox draiva ni programu kama programu nyingine, ya diski za NVMe inaitwa nvmed, ya kadi fulani za Intel e1000d, kila moja na memori yake, ikifa inakufa peke yake. Hapo ndo unamuona Profesa Andrew Tanenbaum na Minix yake, hasa Minix 3 ya 2005 ambayo ilikuwa na kiprogramu kazi yake ni kufufua draiva zilizokufa. Ndo huyohuyo aliyembishia Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, 1992 kwamba Linux imepitwa na wakati, sokoni alishindwa vibaya ila hoja yake mi naikubali mpaka leo

njia_na_faili: Mi nilichopenda ni upande wa Plan 9, ile ya Bell Labs, walikotoka pia Unix. Kule hata mtandao unaufungua kama faili. Redox wamelichukua hilo wakaliita skimu: programu ikitaka TCP (utaratibu wa kutuma data mtandaoni) inafungua njia inayoanza na /scheme/tcp, kerneli haijui TCP ni mdudu gani, inaangalia tu jina la skimu inampasia ombi mwenye hiyo skimu, ambaye naye ni programu ya nje, jibu linarudi kulekule. Na programu usiyoiamini unaificha skimu, haiwezi kugusa kisichokuwepo kwake.

bado_sijashawishika: Mnasifia sana jamani. Kila hiyo "inampasia" ina gharama, prosesa inahama programu hadi programu. Mach, maikrokerneli ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwapa maikrokerneli jina baya kwa uzito, mpaka Jochen Liedtke alipokuja na maikrokerneli yake L4 miaka ya 90 kuonyesha ujumbe unaweza kwenda haraka. seL4 ni wa ukoo huo, tena ile imethibitishwa kihesabu tangu 2009, Redox haijathibitishwa hivyo, msichanganye. Na Rust nayo si dawa ya kila kitu, ndani ya kerneli lazima uwe na sehemu za "unsafe", yaani ambazo Rust haikukagulii makosa ya memori, halafu draiva iliyo nje bado inaweza kuiagiza kadi iandike popote kwenye memori kama hakuna IOMMU, ile sehemu ya mashine inayochuja memori ambayo kadi inaruhusiwa kugusa, ya kuizuia.

draiva_mkongwe: Hapo kwenye IOMMU umenena, sina ubishi.

mchimba_kodi: Asanteni sana, nimeelewa. Je naweza kuiweka kwenye laptop ya kazi?

njia_na_faili: Ya kazi usithubutu 😂 Iwashe kwanza ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima. Programu za C nyingi zinahamishika kwasababu wana relibc, laibrari yao ya C iliyoandikwa kwa Rust, ila usije ukashangaa waifai imegoma.