Abiria kuanguka kifafa ndani ya basi la usiku: konda aanze na lipi?

Swali
Wakuu, wenye ujuzi naomba msaada. Basi liko safarini usiku, kituo kijacho ni mwendo wa saa nzima. Abiria wa dirishani anakakamaa ghafla, anatetemeka, povu linamtoka. Kuna wanaosema abanwe mikono, wengine awekewe kijiko asijing'ate ulimi. Lipi ni sahihi? Na gari lisimame au liendelee?

Jibu
Kijiko hapana kabisa, mkuu. Taya hubana kwa nguvu ya kuvunja jino, na kipande kikaingia kooni. Ulimi haumezwi, na ukijeruhiwa hupona. Kumbana mikono nako kunaweza kutegua bega.

Kwanza tazama saa. Mara nyingi kifafa hukoma chenyewe ndani ya dakika 2 au 3. Kikifika dakika 5, kikirudi kabla hajazinduka, au mgonjwa akiwa mjamzito, piga simu ya dharura bila kungoja.

Kwenye siti ya dirishani adui ni kioo na chuma cha siti ya mbele. Jirani ahame, kisha ukunje koti uliweke kati ya kichwa na kioo. Legeza tai, kola na mkanda. Angalia sana kidevu: kikiangukia kifuani hewa haipiti, hivyo tegemeza kichwa kisiiname. Mtetemeko ukiisha, mlaze kwa ubavu kwenye siti mbili au kwenye ujia, mdomo ukielekea chini ili mate yatoke. Hapewi maji wala dawa mpaka azungumze akaeleweka. Atazinduka amechanganyikiwa, pengine kwa nusu saa. Mwongeleshe taratibu, usimvute.

Dereva apunguze mwendo polepole na kuegesha nje kabisa ya barabara, taa za tahadhari zikiwaka. Breki ya ghafla humwangusha mgonjwa na anayemhudumia.

Jibu
Nyongeza: uliza kama ana kisukari, na utazame kama ana bangili au kadi inayotaja ugonjwa wake. Sukari ya damu iliyoshuka chini ya 4 mmol/L (kizio cha mashine ya kupima sukari) huleta jasho, kutetemeka na maneno yasiyoeleweka, na ikishuka zaidi mtu huanguka vilevile. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, kisha ngoja dakika 15 na urudie kama bado. Soda isiyo na sukari haifai. Chokoleti huchelewa kwa sababu ya mafuta yake. Akiwa hana fahamu, usimtie chochote mdomoni.

Muulizaji
Asanteni sana. Na mtetemeko ukiisha halafu nisione anapumua?

Jibu
Hapo usipoteze hata sekunde. Moyo ukisimama mwili unaweza kutetemeka kidogo, watu wakadhani ni kifafa. Kukoroma kwa kutwetatweta, pumzi moja moja, si kupumua. Mtoe kwenye siti alale chali kwenye ujia, kwa maana siti hubonyea na nguvu yote huishia kwenye sponji. Kandamiza katikati ya kifua kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiachia kifua kiinuke kila mara. Ujia ukiwa mwembamba, piga magoti upande wa kichwa chake, mikono ikielekea kifuani. Mpokezane kila dakika 2, maana mikono huchoka kabla mtu hajajitambua.

Mwingine apige simu: ataje barabara, basi linaelekea wapi, nguzo ya kilomita iliyo karibu na namba ya gari. Asikate mpaka aambiwe.