Ushauri: Natoka Tanga kwenda Kanada Januari, nimealikwa kutembea msituni kwenye theluji

Mzee wa Makorora:
Wakuu, salaam. Binti yangu anasoma Ottawa, nami nakwenda kumtembelea Januari. Ameshanipangia matembezi kwenye njia za msitu wa hifadhi ya Gatineau, ng'ambo ya mto upande wa Quebec, kwa viatu vya theluji, vile vipana vinavyofungwa juu ya buti. Nina miaka 58, magoti mazima, vilima vya Amani napanda bila shida. Ila baridi ninayoijua ni ya Lushoto mwezi wa saba. Ninunue nini mitumbani hapa Tanga, na kipi nisubiri huko?

Mgosi wa Muheza:
Mzee wangu, kaa ndani na binti mnywe chai. Januari kule usiku hushuka nyuzi -14 kwa kawaida, na siku mbaya hupita -25. Vidole vitakufa.

Bint Pangani:
Shikamoo baba. Nenda tu. Nimeishi Montreal, na kilichonisumbua zaidi ya baridi ni jasho. Kukanyaga theluji ni kazi, mwili unachemka. Fulana ya pamba ikilowa haikauki, na ukisimama kupumzika inakugandia mgongoni. Kwa hiyo mitumbani soma lebo ya shingoni: sufu au poliesta chukua, pamba rudisha hata iwe nzito namna gani. Ya ndani iwe nyembamba, juu yake sweta, mwisho jaketi lisilopitisha upepo. Ukianza kutokwa jasho, vua moja mapema.

Kuhusu vidole, Mgosi ana hoja. Ngozi zetu nyeusi zikianza kuganda rangi haionekani kubadilika upesi, basi amini ganzi. Kidole, pua au sikio likifa ganzi, rudini ndani mpashe joto taratibu, bila kusugua.

Kaka wa Raskazone:
Viatu vya theluji nimevitumia Norway. Upana wa kiatu unatawanya uzito wako, ndiyo maana huzami, na chini kuna meno ya chuma ya kushika barafu. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini walivitengeneza kwa mbao na kamba za ngozi zamani sana. Panua miguu kidogo, la sivyo utakanyaga kiatu chako mwenyewe uanguke. Usirudi kinyumenyume, mkia utachimba theluji; zunguka nusu duara. Shika fimbo mbili. Ukiona mifereji miwili iliyochongwa kwa ajili ya wanaoteleza kwa skii, pita pembeni, kuiharibu ni kuwakosea adabu.

Viatu vyenyewe na fimbo mkodi huko huko. Miwani ya jua beba, theluji inaumiza macho kuliko mchanga wa baharini saa sita mchana. Na muondoke asubuhi: Januari jua la Ottawa linazama kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na dakika chache.

Mzee wa Makorora:
Nashukuru sana wanangu. Gambuti langu la shamba je, litafaa kufungiwa hivyo viatu vya theluji?

Bint Pangani:
Hapana baba. Baridi inapenya na kisigino kinacheza ndani, utapata malengelenge. Nunua buti huko, zisizopitisha maji, zenye nafasi ya soksi nene ya sufu na vidole vikichezacheza. Zikibana, damu haifiki vizuri vidoleni.